Kusafisha shamba lililomezwa na mathenge kwa mashine ya kusaga miti: mwongozo kamili

Chukua shamba la ekari tano kando ya mfereji wa umwagiliaji pale Bura, kaunti ya Tana River, lililoachwa bila kulimwa miaka kumi na zaidi. Leo huwezi kuingia hatua tatu bila panga. Mathenge, ule mti wa miiba, imeshikana matawi kutoka mpaka hadi mpaka, miiba yake inatoboa ndala na gurudumu la pikipiki, na chini yake hakuna nyasi hata ya kumficha panya. Mwenye shamba amesikia kuna mashine inayosaga kichaka kizima, shina na matawi, ikakiacha kimelala chini kama makapi. Anauliza mambo mawili tu: ekari ni shilingi ngapi, na atapanda lini.

Nimesimama kando ya mashine hizo misimu kadhaa, na jibu langu humkera kila anayeuliza. Mashine itamaliza sehemu yake kwa wiki moja. Kuimaliza mathenge yenyewe kutakuchukua miaka mitatu, na kama pesa zako zote zinaisha siku mashine inapopakiwa kwenye lori kurudi ilikotoka, bora usiilete.

Ujue unachokata

Mathenge, kwa jina la kitaalamu Prosopis juliflora, asili yake ni bara la Amerika. Nchini Kenya ilipandwa Bamburi, Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kurudisha kijani kwenye machimbo. Miaka ya 1980 ikapelekwa Baringo, Turkana na Tana River kwa ajili ya kuni na kuzuia udongo usipeperuke. Ilichofanya baadaye kinajulikana: mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo waliishtaki serikali na kufika mahakamani na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake matamu, na mwaka 2008 mti huo ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Kwa mtu wa mashine, mambo mawili ndiyo muhimu. La kwanza, macho ya kuchipua yamo kwenye shingo ya mti, pale shina linapoingia ardhini, na mengine yamejificha chini ya udongo. Ukikata juu ya shingo hiyo, iwe kwa panga, kwa msumeno au kwa mashine ya mamilioni, umeupogoa tu. Shina moja litarudi likiwa matano. La pili, mbegu ina ganda gumu linaloiwezesha kukaa ardhini miaka mingi ikisubiri. Ng'ombe na mbuzi huzimeza na kuzitoa zikiwa hai, tena zimeshalainishwa na kuwekewa samadi. Ukiyashika haya mawili, utaona kwamba kila hatua hapa chini inazungukia kisiki na mbegu.

Tembea shamba kwanza, kwa miguu

Usiruhusu mashine ishuke kwenye lori kabla hujapasua vijia kwa panga na kulizunguka shamba lote. Tafuta waya. Seng'enge kuukuu iliyozama kwenye kichaka ndiyo adui mkubwa wa mashine ya kusaga: hujiviringisha kwenye rola, ile sehemu yenye meno inayosaga, hukata sili za beringi, na kuitoa ni kazi ya nusu siku kwa koleo na matusi. Kwenye mashamba ya umwagiliaji yaliyotelekezwa utakuta pia mabomba, milango ya chuma ya mifereji na vipande vya plau. Toa kinachotoka, kisichotoka kizungushie utepe mwekundu unaoonekana kutoka kwenye kiti cha dereva.

Uliza makaburi. Kwenye kichaka cha miaka kumi kaburi lisilojengewa halionekani, na wazee wa hapo ndio wanaojua lilipo. Uliza pia mizinga. Nyuki wanaipenda mathenge, na mtu amening'iniza mizinga yake humo bila kukwambia. Mpe siku chache aihamishe usiku. Dereva aliyevamiwa na nyuki huiacha mashine ikiunguruma na kukimbia, na huwezi kumlaumu.

Miti ya asili usiisage. Mgunga, mswaki, mkoma na mkwaju zitiwe rangi nyeupe shinani, na uache mzunguko wa mita tatu hivi kila upande ili minyororo ambayo mashine hutembelea isikanyage mizizi. Vivuli hivyo utavihitaji. Kando ya mto kuna ukanda usioguswa kisheria, wa mita 6 hadi 30 kutegemea upana wa mto, na kwa Tana si sheria tu: misitu ile ya ukingoni ndiyo makazi ya nyani wawili, mbega wekundu na garasa, wasiopatikana penginepo duniani.

Kuhusu ruhusa, nitapita haraka. Kama ardhi ni ya jamii, chini ya sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016, uamuzi ni wa jamii na si wa mtu mmoja mwenye pesa. Pata maandishi, usitegemee maneno ya chini ya mti. Zungumza na ofisi ya misitu kabla ya kusafirisha kuni au makaa, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kama eneo ni kubwa. Mpelekee chifu habari mapema.

Toa mali kabla ya kusaga

Mathenge ni mti mgumu, mzito, wenye makaa mazuri. Kila shina nene linaloingia kwenye rola linakula dizeli na meno ya mashine na kugeuka matandazo ambayo hayauziki. Kwa hiyo watangulize watu wenye misumeno. Mashina yanayozidi unene wa paja yakatwe, yatolewe, yawe nguzo, kuni au makaa. Vijana wa kijiji watafanya kazi hiyo kwa kugawana mali, na mashine ikija itakuta kazi yake ya halali: vijiti, matawi, miiba na mashina membamba.

Jambo moja la kusisitiza. Wanaokata waache kisiki cha kimo cha goti, kisichofunikwa na matawi. Dereva akikiona atakisaga bila kushtukizwa, na mchimbaji atajua pa kuchimba.

Mashine ipi

Zote zina moyo mmoja: rola ya chuma yenye meno inayozunguka kwa kasi ndani ya boksi lililo wazi mbele. Tofauti ni kinachoibeba.

Loda ndogo ya minyororo yenye nguvu-farasi 75 hadi 120 ndiyo inayofaa mashamba madogo. Hupita kwenye nafasi nyembamba na haididimii sana. Lakini hakikisha ni ile yenye mfumo wa haidroliki (mafuta yanayozungusha rola) wa mtiririko mkubwa, kiasi cha lita 115 kwa dakika au zaidi. Loda ya kawaida ya kubebea kokoto itazungusha rola, itagusa mti wa kwanza, na itazima.

Trekta yenye kichwa cha kusaga kinachoendeshwa na shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu za injini nje ya trekta, ni rahisi kwa aliye na trekta tayari, mradi iwe na gia ya kutambaa, maana kasi ya kazi hii mara nyingi haifiki kilomita 2 kwa saa. Tatizo lake kwenye mathenge ni magurudumu. Mwiba wa mathenge haubagui tairi. Kama hakuna minyororo, tairi zijazwe povu gumu badala ya upepo, la sivyo fundi wa pancha atahamia shambani kwako. Kinga pia tumbo la trekta kwa bamba la chuma. Trekta ya kulimia haikuumbwa kupita juu ya visiki.

Ekskaveta yenye kichwa cha kusaga mkononi hufaa kingo za mifereji, inasimama juu na kufikia chini. Ni ya polepole. Kwa shamba tambarare usiikodi kwa ajili ya kusaga, ila kwa kung'oa visiki, tutakuja huko.

Kisha meno. Kuna meno butu ya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida, ambayo hupondaponda na kustahimili mchanga na mawe madogo, na kuna meno ya visu, ambayo hukata safi na haraka lakini jiwe moja huyaharibu. Kwa ardhi yenye takataka za chuma na udongo mkavu, mimi nachagua kabaidi. Uwe na meno ya akiba na boliti zake shambani, siyo Nairobi.

Jaribu kwanza, ndipo mkubaliane bei

Hapa ndipo wenye mashamba wanapoumizwa. Mwenye mashine anataja bei ya saa, mwenye shamba anafikiria ekari, na wote wawili wanabahatisha. Pima kipande cha mita 20 kwa 20 kwenye sehemu ya kawaida ya kichaka, siyo nyembamba na siyo nene kupita zote. Hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya ekari. Mashine iingie, nawe utazame saa. Dakika ulizopata zidisha kwa kumi.

Tuseme imechukua dakika 40. Ekari moja ni dakika 400, yaani karibu saa saba. Injini inayofanya kazi kwa nguvu zote hunywa takriban lita moja ya dizeli kwa saa kwa kila nguvu-farasi 5, hivyo mashine ya nguvu-farasi 100 itakunywa lita 20 kwa saa, na ekari hiyo itakula lita 140 hivi. Zidisha kwa bei ya dizeli ya siku hiyo, si ya Mombasa bali ya hapo ilipofikishwa kwa pipa. Ongeza usafiri wa lori kwenda na kurudi, ambao kwa shamba dogo unaweza kuzidi kazi yenyewe. Ndiyo maana majirani wenye akili huileta mashine kwa pamoja.

Mkikubaliana kwa ekari, andikeni kazi iliyokwisha inafananaje: kisiki kisimame sentimita ngapi juu ya udongo, vipande virefu visizidi nini, mashine ipite mara ngapi. Neno "kusafisha" peke yake halina maana kwenye mkataba. Nimeona shamba lililopitiwa mara moja tu, mbio mbio, likaachwa na vigingi vilivyochongoka kama mikuki. Lilikuwa baya kuliko kichaka.

Siku ya kusaga

Chagua majira ya ukavu lakini uangalie juu na chini ya miti kwanza. Kama maganda ya njano yametapakaa ardhini, wakusanye watoto na akina mama wayaokote kwa magunia kabla mashine haijaingia. Meno ya rola yatayapasua maganda na kutawanya mbegu, na mbegu iliyokwaruzwa ganda huota upesi kuliko isiyoguswa. Maganda yakisagwa na kuwa unga mlaini ni chakula kizuri cha mifugo, kwa sababu mbegu inakuwa imevunjika. Yakiliwa mazima ni kupanda mathenge upya.

Usalama hauna mjadala. Kipande cha mti au jiwe kikitoka kwenye rola husafiri kama risasi. Hakuna mtu ndani ya mita 90 upande wowote, wala wachungaji, wala mwenye shamba anayetaka kupiga picha. Weka mtu kila njia inayoingia. Kioo cha mbele cha dereva kiwe polikaboneti nene, yaani plastiki ngumu; kioo cha kawaida kitamfikia usoni. Rola ikizimwa huendelea kuzunguka kwa muda, basi hakuna kuisogelea mpaka isimame kabisa na ufunguo uwe mfukoni mwa anayekwenda kuigusa.

Moto ndio hatari ya pili. Majani makavu ya mathenge ni membamba mno, huingia kwenye rejeta na kulala juu ya ekzosi. Kila baada ya saa mbili simamisha, fungua boneti, puliza kwa kompresa au ufagie kwa mkono. Kizima-moto kimoja ndani ya kabini, kingine nje, na maji kwenye jerikani. Jioni usiiache mashine imesimama juu ya matandazo. Ipeleke kwenye udongo mtupu.

Kuhusu kuendesha: rola ifikie kasi kamili kabla ya kugusa chochote. Ingia taratibu, na ukisikia injini inalalamika, rudi nyuma kidogo uiache ipumue kisha uendelee. Mti uliosimama unausukuma kwa fremu ya mbele mpaka uiname, unaushika kimo cha kiuno, ukilala unausaga kuanzia shinani kwenda kileleni. Pita mara ya kwanza ukienda mbele, mara ya pili ukirudi nyuma huku rola ikigusa matandazo ili kuyasaga madogo zaidi. Usizamishe rola ardhini ukidhani unaua mizizi. Unachoua ni meno, na udongo unaorushwa ndani ya boksi unalisugua kama msasa. Kila unapotia dizeli, hesabu meno. Jino moja likikosekana mashine hutetemeka, na mtetemeko huo huishia kwenye beringi.

Kisiki

Sasa kazi yenyewe. Shamba linapendeza, linaonekana kama zulia la kahawia, watu wanapiga picha. Chini ya zulia hilo kila shingo ya mathenge iko hai.

Una njia tatu, na uchaguzi unategemea unataka kufanya nini na ardhi.

Kama utalima kwa trekta, visiki lazima vitoke vyote, kwani plau haitapita. Ekskaveta ing'oe kila kimoja pamoja na fundo la mizizi, ikung'ute udongo urudi shimoni. Ni ghali, lakini ni mara moja. Zipo pia mashine za kusaga mpaka chini ya ardhi, nzito, za kuvutwa na trekta kubwa kuliko tulizozitaja. Ukizipata zitakufaa ila usizipangie bajeti kabla ya kuziona.

Kama ni malisho au miti ya matunda, watu wenye sururu wanatosha. Kisiki kikatwe chini ya uso wa ardhi, sentimita 10 kwa miti michanga na hadi 30 kwa mikongwe, mpaka upite shingo na kufikia mzizi mtupu usio na macho. Wafuate mashine nyuma siku hiyo hiyo, kwa umbali ule wa mita 90 na zaidi, kabla matandazo hayajakaa na kuficha kila kitu. Viatu vya buti ngumu na glavu za ngozi ni lazima. Mwiba uliokatikia ndani ya mguu huvimba na kutunga usaha, usimfanyie mtu mzaha kwa hilo.

Njia ya tatu ni dawa. Ile inayotumika sana kwa mathenge ni yenye triklopiri, ikichanganywa na dizeli na kupakwa kwenye kisiki kibichi mara tu kinapokatwa, juu ya mkato na kuzunguka gome lote mpaka chini. Kazi ni ya dakika: kisiki kikishakauka hakinywi. Hapa mashine inaleta usumbufu, kwa sababu kisiki kilichosagwa kimechanikachanika na kimefunikwa. Wengine hungoja mvua, machipukizi yafike kimo cha goti na kujionyesha yenyewe yalipo, kisha wanapulizia majani. Mimi sioni ubaya, mradi usingoje zaidi ya hapo. Kabla ya kununua, hakikisha dawa imesajiliwa na PCPB, bodi ya kudhibiti dawa za kilimo, kwa kazi hiyo, fuata vipimo vya kibandiko, na karibu na mfereji usiitumie kabisa. Watu wanakunywa maji yale. Kando ya mfereji ni sururu tu.

Matandazo na kupanda

Safu ya sentimita 5 hadi 10 ni neema: inazuia jua kali, inashika unyevu, na upepo wa Tana hauubebi udongo kama baada ya buldoza, ambayo husukuma tabaka la juu lenye rutuba na kulirundika mpakani pamoja na matawi. Safu ikizidi hapo itandaze, maana hata nyasi haitapenya. Mchwa watakusaidia, ndani ya misimu michache hutaona kitu. Acha ukanda mtupu wa mita kumi kuzunguka nyumba na vibanda. Matandazo makavu yakishika moto hayawaki kwa kishindo, yanafukuta chini kwa chini siku kadhaa.

Usiyachimbie ardhini yakiwa mabichi. Vijidudu vinavyoozesha mti huvuta naitrojeni ya udongo, na mahindi yako yatatoka ya njano. Kwa mahindi au kunde, fagia mistari ya upana wa sentimita 30, panda ndani yake, ongeza samadi iliyooza vizuri, na uache matandazo kati ya mistari. Miembe na mipapai haina shida hiyo kwa kuwa shimo lake lina udongo wake.

Kwa malisho, panda nyasi za asili za nchi kavu kama Cenchrus ciliaris au Eragrostis superba, na upande mapema kuliko unavyodhani. Mbegu ya nyasi lazima iguse udongo, basi parua mistari kwa reki kabla ya mvua za kwanza. Nyasi iliyoshika vizuri huinyima miche ya mathenge mwanga na maji, nayo haidai mshahara.

Miaka mitatu inayofuata

Mvua ya kwanza itakapokwisha, rudi baada ya wiki tatu ukiwa na watu na majembe. Miche yenye urefu wa kiganja hung'oka kwa mkono udongo ukiwa laini. Ukiichelewesha msimu mmoja, mzizi wake umeshakwenda chini kuliko jembe lako. Machipukizi ya visiki vilivyosahaulika yatakuwa yamejitokeza, chimba hapo hapo. Rudi kila baada ya mvua, masika na vuli, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Tenga pesa za vibarua hao siku ile ile unapolipa mashine, kwenye akaunti nyingine ukiweza.

Mifugo inayotoka kwenye vichaka vya mathenge isiingie moja kwa moja. Ifungiwe zizini wiki nzima ikilishwa nyasi, mpaka mbegu zilizo tumboni zitoke, na samadi hiyo isitumike shambani mpaka ioze kabisa. Na kama utakodisha mashine hiyo kwenda kwa jirani, au uipokee kutoka kwake, isafishwe kwa maji minyororo, boksi na chini ya tumbo. Ganda moja lililobanwa nyuma ya bamba linatosha kuanzisha kichaka mahali ambapo hakijawahi kuwepo.